Mtu Akishaitwa Kichaa, Nani Anamsikiliza?

 

Mfikirieni mama anayefika kituo cha afya asubuhi na mapema, ameshika tumbo. Amelipa fishi kama wengine na kukaa kwenye benchi kama wengine. Zamu yake inapofika, kabla hajafungua mdomo, jirani aliyekaa pembeni anamnong'oneza mwuguzi: "Ule eko na wazimu." Basi, imekwisha. Tangu hapo kila atakalosema lina jibu tayari. Tumbo linamkata? Ni wazimu. Hakulala usiku kucha kwa maumivu? Wazimu. Anatapika? Wazimu tu. Anapewa kidonge cha kumtuliza na kurudishwa nyumbani, na kama ndani ya tumbo kuna kitu kinachoiva, kitaendelea kuiva hadi kipasuke.

Mama huyo simtaji jina kwa sababu ni wengi, na wengine ni akina baba, na wengine ni watoto. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu wenye magonjwa mazito ya akili hufa mapema kuliko wenzao kwa miaka kati ya 10 na 20. Na wengi wao hawafi kwa ugonjwa wa akili. Wanakufa kwa moyo, kwa mapafu, kwa maambukizi, kwa maradhi yale yale yanayotupata sisi sote na ambayo sisi tunatibiwa. Kwa nini wao wasitibiwe? Sababu ni nyingi, umaskini ukiwamo, lakini moja ninaiona kila siku hapa Bunia: mtu akishaitwa kichaa, neno lake halina uzito tena. Anasema, na hakuna anayesikia.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Tumezoea kusema kwamba majina haya yanaumiza moyo, na ni kweli yanaumiza. Lakini yanafanya kubwa kuliko hilo. Yanamvua mtu haki ya kuaminiwa. Mtu asiyeaminiwa hawezi kumshitaki aliyempiga, hawezi kudai shamba lake, hawezi kukataa kufungwa kamba, hawezi hata kusema kwamba ana njaa.

Majina mnayajua, mnayasikia kila siku. Kichaa. Mwendawazimu. Liboma, kwa wanaosema Kilingala. Zoba. "Kichwa yake iliharibika." "Walimtupia kitu." Nendeni upande wa soko siku yenye watu wengi, mtaona mwanamume amebeba mifuko mitatu ya plastiki iliyojaa karatasi, na nyuma yake watoto wanane au kumi wanaimba jina hilo. Mmoja anamrushia ganda la ndizi. Mwingine anaokota jiwe dogo. Mama muuza samaki anacheka, dereva wa pikipiki anapiga honi ili naye aonekane yumo. Yule mwanamume anavumilia mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne anainama, anaokota jiwe na kulirusha. Hapo ndipo watu wote wanapiga kelele: mnaona, ni mtu wa hatari! Mawe ya watoto hayakuwa mawe. Lake peke yake ndilo jiwe.

Wanaojifunza mambo haya wanajua kwamba mgonjwa wa akili hupigwa, huibiwa na kubakwa mara nyingi kuliko yeye anavyomdhuru mtu. Na wanaomtendea hivyo wanajua vizuri kwamba hata akisema, ataambiwa anaota.

Sasa, ndugu zangu, kama kuna mahali ambapo watu wangepaswa kuwa na huruma kwa kichwa kilichoumia, ni hapa kwetu Ituri. Nani asiyekumbuka? Vita vya 1999 hadi 2003, mapigano ya mji huu wa Bunia mwezi wa tano 2003, watu wamelala uwanja wa ndege na mbele ya lango la MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, madaktari wa MSF, Madaktari Wasio na Mipaka, wakitibia majeruhi ndani ya bohari la Bon Marché. Halafu tukapumua kidogo. Halafu, mwishoni mwa 2017, teritori ya Djugu ikawaka tena. Tarehe 1 Februari 2022, usiku, wauaji waliingia kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule, wakawaua watu zaidi ya 50 waliokuwa wamekimbilia pale kwa sababu walidhani ni salama. Kati ya vita na vita tulipata Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, na aliyepona Ebola akarudi kwenye kartie yake akakuta majirani hawataki hata kushika pesa iliyotoka mkononi mwake.

Mwaka 2010 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliofanywa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na hapa Ituri. Watu wazima 998 waliulizwa. Nusu yao walikuwa na dalili za kiwewe, kile ambacho wengi wetu tunakiita troma: ndoto mbaya zinazorudi, moyo kuruka ukisikia mlango umegongwa, kukwepa njia fulani kwa sababu ya kilichotokea pale. Watu wanne katika kila kumi walikuwa na dalili za huzuni nzito, ile inayolala na mtu na kuamka naye. Hesabu hiyo ilifanywa kabla ya Djugu kuwaka tena, kabla ya Savo, kabla ya Ebola. Fikirini leo ingekuwaje.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mstari tuliouchora kati ya wazima huku na vichaa kule haupo pale tulipouchora. Unapita katikati ya nyumba zetu, pengine katikati ya kitanda. Yule baba anayekaa kimya siku nzima na kuwachapa watoto usiku bila sababu, yule dada anayekunywa ili alale, yule kijana aliyekuwa kadogo, mtoto askari, akiwa na miaka 11 na leo hawezi kukaa darasani akiwa ameupa mlango mgongo: hao wote wana kidonda. Hatuwaiti vichaa kwa sababu tu bado wanafua nguo zao.

Kuna utafiti mwingine ambao kila mzazi wa Bunia angepaswa kuujua, kwa sababu ulifanywa kwa watoto wetu, katika shule zetu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwauliza wasichana zaidi ya 1,300 wa shule za sekondari za Bunia. Zaidi ya theluthi moja walikuwa wamepitia ukatili wa kingono. Nawaomba msiipite haraka hesabu hiyo. Katika benchi moja la wanafunzi watatu, mmoja. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Walitaka kujua ni nini kinachomfanya msichana aliyebakwa aendelee kuugua moyoni, miezi na miaka baadaye. Walikuta kwamba sehemu kubwa ya mateso yake haitoki kwa tendo lenyewe peke yake. Inatoka kwa yale yanayofuata: kusengenywa, kutengwa, kuambiwa kwamba hataolewa, wenzake kuhama kiti. Aliyembaka alimjeruhi siku moja, na sisi wa avenyu tukaendelea kwa miaka.

Mimi ni baba. Nilipolisoma jambo hilo sikuweza kulisahau, na ndiyo sababu sikubali tunaposema "watu wa hapa ni wakali wa mdomo tu, hawana ubaya". Ubaya upo, na umepimwa.

Na mahakama nayo imekipima kidonda cha moyoni. Mnakumbuka shambulio la kijiji cha Bogoro, njiani kuelekea Kasenyi, tarehe 24 Februari 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilimtia hatiani Germain Katanga, aliyekuwa kamanda wa wanamgambo, kwa ajili ya shambulio hilo mwaka 2014, na mwezi wa tatu 2017 majaji wakaamua juu ya fidia ya wahanga 297. Kila mmoja alipewa dola 250, fedha ambazo majaji wenyewe walisema ni za ishara tu, kisha ikaja misaada ya pamoja: nyumba, masomo, miradi ya kuleta kipato, na matunzo ya kisaikolojia. Dola 250 hazimrudishi mtoto wa mtu, kila mtu anajua. Lakini angalieni neno lile la mwisho, matunzo ya kisaikolojia. Majaji walioishi mbali sana na Bogoro walimsikiliza mwanamke akieleza jinsi anavyoshtuka usiku, na wakaandika: hili ni dhara, lina haki ya kufidiwa. Walimwamini. Mwanamke huyo huyo akirudi nyumbani akapiga kelele usingizini, jirani atasema nini asubuhi kwenye bomba la maji?

Najua kuna wanaosema sasa: huyu anachanganya mambo, kiwewe ni kitu kimoja na wazimu ni kitu kingine. Ni kweli, na hilo nalo ni sehemu ya shida yetu. Kiwewe ni kitu kimoja. Huzuni nzito ni kitu kingine. Kuna ugonjwa wa kusikia sauti ambazo wengine hawasikii na kuamini mambo yasiyokuwapo, madaktari wanauita skizofrenia, nao humpata mtu mmoja katika kila watu 300 hivi duniani, awe Mzungu, Mhema, Mlendu, Mwalur au Mlugbara. Kuna ugonjwa wa kupanda na kushuka, mwezi huu mtu hana usingizi na anagawa mali yake yote, mwezi ule hawezi kutoka kitandani. Kila mmoja una njia yake na dawa yake. Sisi tumeyatia yote katika gunia moja na kulifunga kwa jina moja. Mgonjwa wa malaria akifika tungemwambia "wewe ni mgonjwa" na kumwacha hivyo?

Katika gunia hilo tumetia hata kifafa, ambacho si ugonjwa wa akili hata kidogo. Ni ugonjwa wa ubongo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Ituri ina kifafa kingi. Kule Mahagi, katika zoni ya afya ya Logo, watafiti wamekuta vijiji ambavyo watoto wenye kifafa ni wengi kupita kawaida, na wamelihusisha jambo hilo na ugonjwa wa usubi, ule unaoletwa na wadudu wadogo weusi wanaouma kando ya mito yenye maji ya kasi. Vyanzo vingine ni malaria ya kupanda kichwani, mtoto kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, pigo la kichwa, na mayai ya tegu ya nguruwe yanayoingia mdomoni kwa uchafu. Mnaona hapo laana yoyote? Mnaona shangazi aliyeroga?

Lakini tazameni yanayotokea mtoto anapoanguka. Watu wanaruka nyuma. Wanasema povu linaambukiza, ukiguswa nalo nawe utaanguka. Mtoto anaangukia jikoni, karibu na mafiga, na watu wazima wanasimama mlangoni wanatazama mguu wake ukiungua, kwa sababu hakuna anayetaka kuguswa na povu. Ndiyo maana watu wengi wenye kifafa wana makovu ya moto. Ukiona kovu la namna hiyo mkononi au usoni mwa mtu, jua kwamba lile halikuandikwa na kifafa peke yake. Watu walikuwapo.

Povu ni mate tu. Haliambukizi. Mtu akianguka mbele yako, muondolee kitu kigumu au chenye moto kilicho karibu, mlaze ubavu, mwekee nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, kaa naye. Usimtie kijiko mdomoni, utamvunja meno bure. Usimshike kwa nguvu. Ikipita dakika 5 bila kutulia, mpelekeni hospitali. Na mjue kwamba dawa ipo na ni ya zamani: fenobarbitali inatumika tangu 1912. Shirika la Afya Duniani linasema matibabu ya kifafa yanaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka, na kwamba wagonjwa hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Dola 5 kwa mwaka! Kuna nyumba imeuza mbuzi watatu kulipa mtu aliyesema atatoa jini. Ila dawa hiyo ya kifafa haiachwi ghafla kwa sababu mtoto amekaa miezi miwili bila kuanguka. Mkiiacha ghafla, kifafa kitarudi na hasira.

Nimetaja mbuzi, na najua baadhi yenu mmekaa vibaya. Tuseme wazi. Familia nyingi zikiona mtu wao anabadilika, hazianzii kwa mwuguzi. Zinaanzia kwa mganga wa kienyeji au kwenye chumba cha maombi. Sizilaumu. Mwuguzi mwenyewe mara nyingi hana dawa, na madaktari waliosomea magonjwa ya akili ni wachache katika nchi yetu yote, tena wengi wako Kinshasa. Chumba cha maombi kiko hatua mia moja kutoka nyumbani, mlango wake uko wazi, na mchungaji angalau anakushika mkono. Wachungaji wengi wa mji huu wamekaa na wagonjwa usiku mzima bila kuomba hata franka.

Lakini kuna vyumba ambamo mgonjwa anafungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, ananyimwa chakula na kuambiwa ni mfungo, anachapwa ili pepo litoke. Akilia kwamba anaumia, wanasema anayelia ni pepo. Mnaona tena? Hata kilio chake si chake. Mwezi wa kumi 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya minyororo hiyo, na likaikuta katika nchi 60 hivi, Afrika, Asia, Amerika, kwa watu mamia ya maelfu. Kwa hiyo si aibu ya Kongo peke yake. Lakini kila mnyororo una mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ana jina na anakaa kwenye avenyu fulani.

Wachungaji wanaonisikia, naomba jambo moja tu: ombeni, na mwacheni anywe dawa. Msimwambie kwamba kunywa dawa ni kukosa imani. Ninyi wenyewe mnavaa miwani.

Na familia nazo zinaficha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani hataficha, akijua kwamba siku jina hilo likitoka nje binti zake wote watakosa posa? Watasema "ile nyumba ina wazimu". Kijana anaanza kusikia sauti akiwa na miaka 19. Wanamfungia chumba cha nyuma. Mwaka wa kwanza unapita, wa pili, wa tatu, na ugonjwa ambao ungeshikwa mapema unakomaa. Halafu siku anapotoka uchi barabarani watu wanasema: kumbe wazimu hauponi. Tunamzuia mtu asitibiwe kwa woga wa jina, halafu tunalithibitisha jina kwa sababu hakutibiwa.

Unaweza kupima woga huo hata kwa majina ya hospitali. Tanzania wana Mirembe, Dodoma. Kenya wana Mathari, Nairobi. Uganda wana Butabika, Kampala. Zote ni hospitali za kazi nzuri, na zote tatu zimegeuka kuwa matusi: ukitaka kumkosea mtu adabu huko, unamwambia atoke Mirembe, au apelekwe Butabika. Nani atampeleka mama yake mahali palipo tusi? Ndugu zetu wa Goma wana kituo cha Mabradha wa Upendo kiitwacho Tulizo Letu, na Bukavu wana Sosame. Namwomba Mungu majina hayo yasije yakapatwa na balaa hilo.

Kuna watu waliofanya vingine. Huko Bouaké, Côte d'Ivoire, kulikuwa na fundi wa kutengeneza tairi, mtu wa kutoka Benin, anaitwa Grégoire Ahongbonon. Hakusomea udaktari. Biashara yake ilianguka, akaingia katika huzuni mpaka akataka kujiua. Alipoinuka akaanza kuwatazama wagonjwa wa akili waliolala barabarani, ambao kila siku alikuwa akiwapita. Akaanza kuwapelekea chakula na maji, kisha akatafuta mahali pa kuwatibia, kisha akaingia vijijini kukata minyororo na kufungua watu waliofungwa kwenye magogo. Shirika lake la Saint Camille lilienea hadi Benin na Togo. Ninachokipenda zaidi ni hiki: ndani ya vituo vyake wamo wafanyakazi ambao waliwahi kuwa wagonjwa. Mgonjwa mpya akisema "nasikia sauti zinaniita", anayemjibu ni mtu aliyewahi kuzisikia. Hamwambii anaota. Anamwambia: najua, kaa hapa.

Kwetu, aliyepona anarudi kwenye nini? Mtazameni seremala aliyepata nafuu, ameanza tena kupiga randa mbele ya nyumba yake. Anakunywa dawa kila jioni, analala, anafanya hesabu zake vizuri. Mteja anakuja kuchukua meza na hataki kumaliza deni. Seremala anapandisha sauti, kama fundi yeyote wa Bunia angepandisha sauti. Mteja anarudi nyuma hatua mbili na kuwaambia wapita njia: "Imerudia tena." Deni limefutika pale pale. Kumbe huyu mtu amekatazwa kukasirika. Akicheka sana, imerudia. Akinyamaza, imerudia. Akitaka kuoa, wanasema ni dalili. Sisi wengine tuna ruhusa ya kuwa na siku mbaya, yeye hana. Na siku atakapougua tena kweli, ataogopa kusema, kwa hiyo atachelewa.

Kuna jambo la ardhi pia, na ninyi mnajua ardhi ni nini hapa Ituri. Ndugu mmoja yuko hospitali, wa pili anauza kiwanja chao kwa kusema kwamba mwenzake hana akili ya kutia sahihi. Naomba mashefu wa kartie wanisikilize hapa. Nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na mkataba huo unawahesabu wenye ugonjwa wa akili wa muda mrefu, na unasema wao ni watu mbele ya sheria kama wengine. Tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu wenyewe ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Katiba ya 2006, ibara ya 49, inawapa ulinzi wa pekee. Kwa hiyo shefu anayegonga muhuri kwenye karatasi ya kuuza kiwanja cha mgonjwa bila kwenda kumuuliza mgonjwa mwenyewe, anagonga muhuri juu ya wizi. Na ninyi askari wetu mnaosimamia barieri usiku, tangu hali ya dharura ilipotangazwa Mei 2021 mmezoea kwamba asiyejibu haraka ni mpelelezi. Asiyejibu haraka anaweza kuwa mgonjwa. Mpeni dakika moja. Mwulizeni mara ya pili, polepole.

Namaliza na sisi wenyewe wa redio, kwa sababu nasi tumo. Mnajua matangazo yetu ya watu waliopotea. Familia inakuja na karatasi, na sisi tunaisoma hewani: "Anatafutwa kichaa mmoja, ametoka nyumbani tangu Jumanne." Hatusemi jina lake, au tunalisema mwishoni. Halafu tunashangaa kwamba hakuna aliyemtafuta. Nani atamtafuta kichaa? Mtu hutafuta mtu. Kuanzia leo, katika kipindi hiki, tangazo la namna hiyo litasomwa hivi: jina lake lote, umri, nguo alizovaa, lugha anazosema, kama anakunywa dawa na lini alipaswa kuinywa tena, na namba ya simu ya ndugu. Mkituletea karatasi yenye lile neno, tutakaa na ninyi kwenye meza tuiandike upya pamoja. Haitachukua muda.

Juma lijalo, saa hizi hizi, mimi nitazungumza kidogo tu. Kiti hiki atakikalia mtu aliyewahi kuugua, mkaaji wa mji huu, ambaye amekubali kuja kueleza mwenyewe ilivyoanza, alivyotibiwa, na yanayomsumbua sasa. Jina lake ataamua yeye kulitaja au kutolitaja. Mtapewa nafasi ya kumwuliza maswali kwa simu. Mwulizeni kuhusu ugonjwa, mwulizeni pia kuhusu kazi yake na bei ya mbao, maana anayajua. Na akijibu jambo ambalo hamkulitegemea, msinigeukie mimi kuniuliza kama ni kweli.